Kitanda cha kerezo kikilika, nani atakinyoosha?

Shafti ya karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, ikivunjika Nyarugusu au Katoro mkoani Geita, mwalo mzima wa uchenjuaji unasimama. Viroba vya mawe vinarundikana, vijana wa kubeba wanajilaza kivulini, na mwenye karasha anahangaika kutafuta gari la kumfikisha mjini kwa mkereza. Mkereza anapokea chuma, anakifunga kwenye kerezo, mashine inayokizungusha huku kisu kikikikata, anashinda nacho hadi jioni. Kesho yake shafti mpya imefungwa, beringi zimegongwa mahali pake, mtambo unanguruma tena. Haupiti muda mrefu beringi inalegea, shafti inaanza kucheza, na maneno yanaanza: fundi yule ni kanjanja, beringi za siku hizi ni feki.

Yawezekana beringi ni feki kweli, maana sokoni zimejaa. Yawezekana fundi alikuwa na haraka. Lakini yupo mshtakiwa wa tatu ambaye hatajwi kabisa kwenye kesi hizi, naye ni kitanda cha mashine iliyoikereza shafti hiyo.

Kitanda ni ule mwili mrefu wa chuma cha kusubu ambao juu yake kibebeo cha kisu hutembea kwenda na kurudi kati ya kichwa, kinachozungusha kazi, na mkia ulio upande wa pili. Reli zake zikiwa nyoofu, kisu nacho hutembea kwa unyoofu, na kazi hutoka na kipenyo kilekile mwanzo hadi mwisho. Zikilika, kisu kinafuata bonde lililochimbika, na shafti inatoka nene huku, nyembamba kule. Kisu kikisogea pembeni kwa kiasi chochote, kipenyo hubadilika kwa mara mbili ya kiasi hicho, kwa sababu chuma kinazunguka na kinakatwa pande zote.

Tuiweke kwenye vipimo. Shafti ya milimita 100 inayobeba mzigo mzito hukerezwa kwa daraja ambalo majedwali ya kimataifa huliita m6: kiti cha beringi kizidi milimita 100 kwa maikroni 13 hadi 35. Milimita moja ina maikroni 1,000. Kwa hiyo kati ya kiti kidogo kabisa na kikubwa kabisa kinachokubalika fundi ana nafasi ya maikroni 22 tu, wakati unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Mpe mkereza hodari kuliko wote wa Kahama mashine ambayo kitanda chake kimelika sehemu ya kumi ya milimita karibu na kichwa, umwambie akupe kiti hicho. Atakupa kwa kubahatisha, kwa kumalizia na msasa, kwa kupima kila baada ya pumzi. Atakipata kimoja, cha pili kitamtoroka. Halafu ataingia kwenye mbinu zinazojulikana karakana zote: kupiga vitobo vya senta panchi kuzunguka kiti ili beringi ing'ang'anie, au kujaza kwa kulehemu na kukereza upya kwenye mashine ileile iliyoharibu.

Ukanda huu unaishi kwa shafti. Kuanzia Shinyanga mjini, Kahama, Runzewe, hadi Geita na Katoro, kuna karasha za wachimbaji wadogo, kuna mashine za kukoboa mpunga, kuna viwanda vya kuchambua pamba, kuna malori ya Isaka. Vyote hivyo huishia kwa mkereza. Na vumbi la mawe ya dhahabu ni vumbi la kwazi, gumu kuliko chuma cha kusubu. Likichanganyika na mafuta juu ya reli za kitanda, kila safari ya kibebeo inasaga reli. Ongeza cheche za grenda inayofanya kazi pembeni, ongeza nyundo inayowekwa juu ya kitanda, ongeza ukweli kwamba kazi nyingi ni fupi na kisu hushinda siku nzima kwenye futi moja ile ile karibu na kichwa. Hapo ndipo kitanda hulika. Upande wa mkiani hubaki karibu mpya.

Mwenye mashine anaweza kuikagua mwenyewe bila kifaa chochote cha kupimia. Sogeza kibebeo karibu na kichwa, kaza kabari zake mpaka kisicheze hata kidogo, kisha kizungushe kwenda mkiani. Kikikwama njiani, jibu umepata: kilikazwa kwenye bonde, sasa kimefika mahali ambapo chuma hakijalika.

Swali ni nini kifanyike baada ya hapo. Jibu la kawaida ni kuiuza kwa asiyejua na kuagiza nyingine iliyotumika, kutoka Dar es Salaam au ng'ambo, ambayo nayo ina bonde lake. Jibu la viwanda vikubwa ni kukipeleka kitanda kwenye mashine ya kusaga reli, ambayo ni kubwa kuliko kerezo lenyewe na haipatikani kila mtaa. Jibu la tatu ni la kale kuliko yote mawili. Linafanyika kwa mikono, kwa ubapa wa chuma wenye ncha ngumu, kwa rangi ya bluu na kwa subira. Ni kukwangua.

Darasa lenyewe

Marekani na Ulaya kuna madarasa ya vitendo ya wiki moja hivi ambako mafundi watu wazima, wenye karakana zao, hulipa ada kwenda kujifunza kukwangua chuma kwa mkono. Wanaokwenda ni watu waliokwishakereza kwa miaka mingi, na siku ya kwanza hawapewi mashine.

Mwanafunzi hupewa kipande cha chuma cha kusubu cha kukaa mezani. Kimekwishapitishwa kwenye mashine ya kusawazisha, na ukikitazama kwa jicho utaapa kwamba kimenyooka. Mbele yake kuna bamba la kupimia, zito, ambalo unyoofu wake umethibitishwa. Juu ya bamba hupakwa rangi ya bluu yenye mafuta, ya aina ileile ambayo mafundi wa magari huitumia kukagua meno ya difu. Hutandazwa kwa rola ndogo ya mpira hadi unabaki ukungu tu. Kosa la kila mgeni ni kupaka nyingi. Rangi ikiwa nzito hujaa hadi kwenye mabonde na kudanganya kwamba chuma kimegusa kila mahali.

Kipande hulazwa kifudifudi juu ya bamba, husukumwa sentimita chache huku na huku, kisha huinuliwa. Hapo ndipo watu hunyamaza. Uso ule uliokuwa umenyooka kwa macho umeshika rangi sehemu tatu au nne tu, labda kona mbili na kibaka kimoja katikati. Kwingine kote hakujagusa kitu. Zile sehemu zenye bluu ndizo vilima, na kazi ya siku nzima ni kuviondoa vilima.

Skrepa ya kukwangulia ina mpini mrefu na ncha ya chuma kigumu sana. Makali yake hayafanani na ya kisu. Ncha imenolewa karibu pembe mraba, ikapewa mkunjo kidogo ili kona zisichimbe. Fundi huegemeza mwisho wa mpini kwenye nyonga, hushika kwa mikono miwili karibu na ncha, na husukuma kwa mwili mzima, si kwa viganja. Kila msukumo una urefu wa milimita chache. Chuma kinachotoka ni unga mweusi, na kovu linalobaki lina kina cha maikroni mbili hadi tano. Ukisukuma vizuri, husikii kelele ya kukwaruza, unasikia mkato mfupi, mkavu. Ukisikia mlio mkali, makali yamekwisha, rudi kwenye jiwe la kunolea.

Akimaliza vilima vyote vyenye bluu, mwanafunzi hupitisha jiwe laini kuondoa vinywele vya chuma, hufuta kwa spiriti, hupitisha kiganja kikavu, kisha hurudi kwenye bamba. Rangi tena, sukuma tena, inua tena. Safari hii madoa ni manane, na yamehama. Anakwangua kwa mwelekeo mwingine, akikatiza makovu ya kwanza, kwa sababu anayekwangua upande mmoja tu huishia kuchora mifereji. Halafu tena. Mizunguko hiyo hurudiwa mara nyingi, na kila mara madoa yanaongezeka na kupungua ukubwa. Katika mraba wa inchi moja yanakuwa matano, kisha kumi, kisha kumi na tano. Reli za mashine ya kawaida hutosheka na madoa kati ya 10 na 20. Bamba la kupimia huvuka hapo, hufika 25 na zaidi.

Kuna mambo ambayo darasani hufundishwa kwa kidole. Mojawapo ni kulaza kipande juu ya bamba na kukisukuma kwa kidole kimoja upande wa mwisho, ukitazama kinageukia wapi. Kikizunguka kwa wepesi kama pia, katikati pana kilima. Kikigeukia ncha ya mbali kabisa, kilima kiko ncha zote mbili na katikati pana bonde. Kilicho sawa hugeukia karibu theluthi ya urefu kutoka ncha ya pili. Hakuna umeme wala kioo cha tarakimu kinachohitajika, na jibu ni la haraka kuliko vifaa vingi vya bei.

Mafundi wengi huuliza kwa nini wasichukue msasa au unga wa kusagia wakasugua nyuso mbili hadi zikubaliane. Sababu ni mbili. Punje za msasa hujichomeka ndani ya chuma cha kusubu, zikabaki humo zikiendelea kula mashine kila siku baada ya hapo. Pili, kusugua hakuchagui. Kunaondoa kilima na bonde pamoja, wakati skrepa huondoa pale tu rangi ilipoelekeza. Na faida nyingine hutokea yenyewe: vibonde vidogo kati ya madoa huhifadhi mafuta, na kibebeo huteleza badala ya kunata. Nyuso mbili za chuma zilizolainishwa kupita kiasi hunatana, na kibebeo huenda kwa kushtukashtuka.

Joto nalo ni sehemu ya somo, hasa kwa mtu wa Shinyanga. Chuma cha kusubu chenye urefu wa mita moja hurefuka kwa maikroni 10 hivi kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Kikipata joto sawa pande zote, madhara ni madogo. Hatari ni jua linaloingia dirishani na kupiga upande mmoja wa bamba, au rula ndefu ya kupimia iliyoshikwa kwa viganja muda mrefu: upande uliopata joto hurefuka, rula inapinda, na fundi anaanza kukwangua vilima ambavyo havipo. Karakana ya bati isiyo na dari, saa nane mchana, si mahali pa kupima maikroni. Kazi ya namna hii hapa kwetu itafanywa asubuhi, chini ya dari, na vifaa vilivyolala usiku kucha kwenye chumba kimoja na mashine.

Mwanafunzi akishaelewa kipande kidogo, ndipo huonyeshwa kerezo. Hapo somo hubadilika, kwa sababu uso mmoja ulionyooka hautoshi. Reli lazima ziwe nyoofu, zilingane zenyewe kwa zenyewe, na zifuate mhimili wa kichwa. Fundi huiweka mashine sawa kwa pimamaji ya uhakika, hupima kwa dayo geji hatua kwa hatua, huchora ramani ya mabonde, na hutafuta sehemu ambayo haijawahi kuguswa na kibebeo ili iwe shahidi wake. Hukwangua kitanda kwanza. Kisha hukipatanisha kibebeo na kitanda, na slaidi inayokingama juu ya kibebeo na kibebeo chenyewe. Slaidi hiyo huelekezwa kwa makusudi ili kazi inayokatwa usoni ijikunje kuelekea ndani kidogo sana, isivuke maikroni 20 hivi kwa kipenyo cha milimita 300, na isibinuke nje kamwe. Kilichobinuka huyumba kikifungwa na kingine, lakini kilichobonyea hukaa kwa kingo zake. Kwa kuwa reli za kitanda zimeshuka, mkia nao lazima urudishwe kwenye kimo cha kichwa. Kazi hii yote kwa kerezo la kati huchukua wiki nyingi. Anayekuahidi siku tatu anakuongopea.

Ukweli unaotoka kwenye mabamba matatu

Bado kuna swali ambalo kijana yeyote makini wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ataliuliza: bamba la kupimia lenyewe lilinyooshwa na nini? Ukisema lilinyooshwa kwa bamba jingine, atauliza kuhusu hilo jingine.

Jibu lilikuwa likitumika katika karakana ya Henry Maudslay mjini London mwanzoni mwa karne ya 19, na aliyelipeleka mbele ya watu ni kijana aliyepita hapo, Joseph Whitworth, aliyezaliwa Stockport mwaka 1803. Mwaka 1840 alisoma andiko lake mbele ya mkutano wa wanasayansi wa Uingereza uliofanyika Glasgow, akieleza namna ya kupata uso ulionyooka bila kuwa na uso mwingine ulionyooka wa kuigia.

Chukua mabamba mawili, uyakwangue hadi yagusane kila mahali. Hujathibitisha kitu, maana moja linaweza kuwa limebinuka na jingine limebonyea kwa kiasi hichohicho, yakakumbatiana vizuri kabisa. Leta la tatu. Lipatanishe na la kwanza, kisha lilaze juu ya la pili. Kama la kwanza lilibinuka, la pili na la tatu yote mawili yamebonyea, na yakikutana yatagusana kingo tu. Uongo umefichuka. Kwangua, zungusha zamu, geuza bamba moja robo mzunguko ili kunasa msokoto, rudia. Mabamba yote matatu yakigusana kila moja na kila moja, kwa kila upande, hakuna umbo jingine linalowezekana isipokuwa unyoofu. Kipimo kimezaliwa kutoka vyuma vitatu visivyo na kipimo.

Naona hili kuwa jambo kubwa kwa nchi kama yetu kuliko linavyoonekana. Tumezoea kuamini kwamba usahihi ni kitu cha kuagizwa, kinakuja kwenye kontena na cheti chake. Whitworth alionyesha kwamba usahihi hutengenezwa hapo hapo ulipo, na aliyekosa kila kitu isipokuwa chuma, skrepa na akili anaweza kuufikia. Mpaka leo kampuni za Japani zinazounda mashine sahihi kuliko nyingi duniani, kama Yasda na Mitsui Seiki, zina mafundi wanaokwangua nyuso za mashine hizo kwa mkono. Mashine zao zinazoongozwa na kompyuta nazo hutembea juu ya nyuso zilizopimwa na mkono wa mtu.

Elimu yenyewe haijafichwa. Mmarekani Edward Connelly aliiandikia kitabu kizima mwaka 1955, na Wayne Moore, wa kampuni ya mashine za usahihi ya Bridgeport, akaandika cha pili mwaka 1970. Lakini hakuna aliyewahi kujifunza kukwangua kwa kusoma. Uzito wa mkono, pembe ya mpini, wingi wa rangi, hivyo vyote huhitaji mtu aliyesimama nyuma yako akikwambia inua kidogo, punguza, hapo sawa.

Chuma si kigeni huku

Asidhani mtu kwamba ukanda huu unasubiri kufundishwa chuma. Kabla ya Mjerumani na Mwingereza, Warongo wa Uzinza, nchi iliyo Geita na Sengerema ya leo, waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri zao na kufua majembe yaliyouzwa hadi Unyanyembe. Majembe hayo yalilima, na yalioa pia. Baadaye ulikuja mgodi wa Geita wa wakoloni, uliofanya kazi kati ya mwaka 1936 na 1966, na Mwadui ya almasi, iliyoanzishwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson katikati ya vita, wakati mitambo ilikuwa adimu na ilibidi kutengenezwa kwa vilivyopo. Mgodi ulio mbali na bandari hauwezi kuishi bila karakana yake.

Baada ya Uhuru taifa lilithubutu zaidi. Mang'ula, Kilombero, palibaki kiwanda cha mitambo kilichotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, Wabulgaria walishirikiana nasi kujenga Kilimanjaro Machine Tools, kiwanda cha kuunda mashine za kukereza, za kutoboa na za useremala. Tanzania ilikuwa ikiunda makerezo yake miaka ya 1980! Viwanda vyote viwili viliyumba uchumi ulipobadilika, na Shirika la Maendeleo la Taifa limekuwa likijaribu kukifufua kile cha Hai. Mashine mpya zitakapotoka, itakuwa vizuri. Lakini kiwanda cha kuunda mashine kisicho na wakwanguaji ni karakana ya kuunganisha tu.

Migodi mikubwa ya sasa ina njia yake. Geita, iliyoanza zama zake mpya mwaka 2000 na sasa inamilikiwa na AngloGold Ashanti, na Bulyanhulu, iliyo chini ya Barrick na serikali kupitia kampuni ya ubia ya Twiga, hubadilisha kipuri kizima na kukirudisha kwa mtengenezaji. Hazina haja ya kukaa wiki sita juu ya kitanda cha kerezo. Kwa hiyo tusiiuze elimu hii kwa hoja kwamba migodi mikubwa inailia. Wanaoihitaji ni karakana za mjini, zile zinazohudumia karasha, mashine za mpunga na malori, pamoja na vyuo vyenye makerezo ya zamani ambayo wanafunzi hujifunzia makosa bila kujua.

Ila migodi ina mchango wake, na tayari imeonyesha njia. Mwaka 2009 kampuni za madini kupitia chama chao zilianzisha pamoja na VETA mafunzo ya ufundi wa migodini katika chuo cha Moshi, na vijana kutoka vijiji vinavyozunguka migodi walipelekwa huko, wakarudi wakiwa mafundi mitambo na mafundi umeme wenye viwango vinavyotambulika nje. Mpango ule ulithibitisha kwamba mtoto wa Msukuma au Msumbwa akipewa mwalimu na kifaa hana anachopungukiwa. Nao mgodi wa Buzwagi, Kahama, uliofungwa mwaka 2021, umetengwa kuwa eneo maalumu la uwekezaji, na Barrick imeweka hapo chuo cha kufundishia wasimamizi wake. Majengo yapo na umeme wa uhakika upo, tena kilomita chache kutoka mojawapo ya miji yenye shughuli nyingi kuliko yote ya kanda hii.

Wapo watakaosema wakati wa mkono umepita, tununue mashine za kompyuta. Nazo zinunuliwe. Lakini mashine ya kompyuta nayo italika, kwa vumbi hilihili, na itakapolika mwenye nayo atakuwa na mashine ya gharama inayokosea kwa kujiamini. Pia kuna mashine zisizostahili kukwanguliwa: kitanda kilichopasuka, kerezo jepesi la bei ya chini ambalo hata jipya halikuwa sawa, au lililolika kupita kiasi hadi likahitaji kusagwa kwanza. Fundi aliyesoma atajua kukataa. Kukataa kwa sababu zinazopimika ni sehemu ya ufundi.

Darasa lianze na nini

Gharama ya kuanza si ya kutisha. Yanahitajika mabamba matatu ya chuma cha kusubu, mazito, yenye mbavu chini, ambayo yanaweza kusubiwa nchini na kupumzishwa muda mrefu ili chuma kitulie. Wanafunzi wa mwanzo ndio watakaoyanyoosha kwa njia ya Whitworth, na hilo peke yake ni somo la muhula. Zinahitajika skrepa, ambazo kwa kuanzia hutengenezwa kwa tupa kuukuu zilizosagwa meno na kunolewa ncha, kama mafundi wa dunia nzima walivyofanya kabla ya ncha za kabaidi. Zinahitajika rangi, mawe ya kunolea, dayo geji mbili tatu, pimamaji moja ya uhakika, rula ndefu. Kerezo lililolika halitakosekana. Kila chuo kinalo.

Watu wa Mwanza wataniuliza kuhusu mawe yao. Ni kweli, mabamba ya kupimia ya siku hizi mengi ni ya graniti, kwa sababu jiwe halishiki kutu na halipindi kwa urahisi. Si kila jiwe linafaa, lazima liwe na punje ndogo na lisiwe na ufa, na hunyooshwa kwa kusagwa, si kwa skrepa. Lakini kanda iliyojaa graniti kuanzia Shinyanga hadi ziwani ina sababu ya kulipeleka jiwe lake maabara na kulijaribu.

Kigumu ni mwalimu. Huyu lazima atafutwe, ndani kwa wazee waliopita Hai, Mang'ula na karakana za reli kabla hawajatuachia, na nje kwa kuwalipia walimu wetu wawili watatu wa ufundi mitambo wahudhurie madarasa ya vitendo, kisha warudi wafundishe kwa Kiswahili. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinaitaka migodi ifundishe na inunue huduma nchini. Kuwagharimia walimu hao ni fedha ndogo sana kwenye bajeti ya mafunzo ya mgodi, na matokeo yake yatabaki hapa hata dhahabu itakapokwisha.

Wito wangu kwa vyuo vya VETA vya Shinyanga na Geita, na kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, katika mikoa yote miwili, ni kufungua kozi fupi ya wiki mbili ya kukwangua, kwa wakereza walio kazini, si kwa wanaoanza. Wapewe kila mmoja kipande chake, waende nacho nyumbani kikiwa na madoa kumi na tano kwenye kila inchi ya mraba. Hao ndio watakaovirudisha vitanda vya mashine za mji mzima.

Nawe mwenye karakana unayesoma haya, usisubiri kozi. Hamisha grenda mbali na kerezo. Funika reli kwa turubai unapomaliza kazi. Futa kitanda kwa kitambaa safi na mafuta safi kila asubuhi kabla ya kuwasha, na usiweke tena nyundo juu yake.